Nani Anatoa Saa?

Kabla mwanafunzi wangu hajagusa kibodi, namtaka kwanza ashike kebo. Kebo ya V.35 ni nene na nzito, kichwa chake kina nafasi 34 za pini na skrubu mbili ndefu za kukazia. Ili kuunganisha ruta mbili mezani bila kampuni ya simu kuwa katikati, tunatumia kebo mbili. Kila moja inaanzia kwenye ruta yake, halafu vichwa vinakutana katikati, cha kiume na cha kike. Moja ina kibandiko cha DTE, nyingine ina kibandiko cha DCE. Ruta zenyewe ni za aina moja, zimetoka kiwandani pamoja, zina programu ileile. Nauliza darasa: kati ya hizi mbili, ipi inatoa saa?

Wanazikagua ruta. Wanatafuta swichi, wanasoma maandishi ya nyuma, mmoja atasema ni ile ya kushoto kwa sababu ndiyo iliyowashwa kwanza. Jibu halimo ndani ya ruta yoyote. Limeandikwa kwenye kibandiko cha kebo: upande wa DCE hutoa saa, wa DTE huipokea.

Kwa asiyeijua kazi hii, mambo yako hivi. Data inayopita kwenye waya ni kupanda na kushuka kwa voltu, basi. Waya ukikaa juu kwa kitambo, huwezi kujua kama umeambiwa moja mara tatu au mara kumi, mpaka ujue ulipaswa kuangalia lini. Kwa hiyo kando ya waya wa data hupita waya mwingine usiobeba habari yoyote. Huo unabeba mapigo tu, ya mwendo mmoja, bila kukoma. Kila pigo linamwambia mpokeaji: angalia sasa. Laini ikiwa ya biti 64,000 kwa sekunde, kila biti ina mikrosekunde 15.6 za kuonekana, kisha imepita. Mapigo hayo ndiyo tunayoyaita saa. Haisemi ni saa ngapi. Inasema mwendo.

Katika laini ya kukodi ya kweli, saa inatoka kwa kampuni ya simu. Kifaa chao kilichofungwa ukutani kwa mteja huipata kutoka kwenye mtandao na kuikabidhi kwa ruta. Mezani kwetu kampuni haipo, kwa hiyo mmoja wetu lazima akae kwenye kiti chake. Unaingia kwenye ruta iliyoshika upande wa DCE, unaandika amri ya kuweka mwendo, 64000, na laini inaamka. Usipoiandika, ruta zote mbili zitakuonyesha kwamba kebo imechomekwa na kila kitu kimewashwa, lakini mazungumzo hakuna. Na ukijaribu kuandika amri hiyo upande wa pili, kwenye DTE, ruta ya Cisco inakukatalia waziwazi: amri hii ni ya upande wa DCE tu. Sasa zima, chomoa, badilisha kebo, washa tena. Ruta ileile iliyokataa inakubali, na ile iliyokuwa ikitoa inakuwa mpokeaji mtiifu. Hakuna kilichobadilika ndani yao.

Naipenda sana dakika hii ya somo, kwa sababu hapo ndipo darasa hugeuka kuwa jambo jingine. Mwaka fulani binti mmoja aliyekaa mstari wa mbele alisema, “Mwalimu, huyu wa DTE basi hana uhuru. Hawezi hata kusema mpaka mwenzake ampigie.” Hakuwa akiuliza habari za ruta peke yake, na mimi sikutaka kumjibu habari za ruta peke yake. Swali lake ni la zamani kuliko umeme: ili wawili waelewane, ni lazima mmoja amfuate mwenzake? Na huyo anayefuatwa, yeye aliyapata wapi hayo anayoyatoa?

Nusu ya kwanza ya swali nilimjibu kwa kalamu ubaoni. Mawimbi ya umeme kwenye waya wa shaba husafiri kiasi cha mita 200 kwa mikrosekunde moja. Laini ikiwa ya biti milioni mbili kwa sekunde, biti moja ina nusu mikrosekunde, yaani urefu wa mita 100 za waya. Sasa mtoaji anapiga, pigo linasafiri hadi kwa mpokeaji, mpokeaji analifuata na kurusha biti yake, biti inasafiri kurudi. Kebo ikiwa ya mita 25, safari ya kwenda na kurudi ni mita 50, nusu nzima ya biti, hata kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa ndani ya vifaa. Mtoaji akiisoma biti hiyo kwa mapigo yake mwenyewe ataisoma mahali pabaya kabisa, pale inapobadilika. Anaamini kwamba mwenzake anamfuata, na ni kweli anamfuata, lakini hawaelewani.

Dawa iliyowekwa kwenye V.35 ni waya mmoja zaidi. Mpokeaji anayachukua mapigo aliyopewa na kuyarudisha pamoja na data yake. Anasema: haya ndiyo mapigo yako kama yalivyonifikia, na neno langu nimelipanga juu yake, lisome kwa haya. Mtoaji akikubali kusoma kwa mapigo yaliyorudi, biti zinasomeka. Kwa hiyo yule wa DTE si bubu. Mwenye kutoa saa asipokubali kusikia jinsi saa yake ilivyofika upande wa pili, yeye ndiye atakayekosa maana, na data ya mwenzake itaonekana kwake ni takataka. Nimewaona watu wengi wenye mamlaka katika hali hiyo, misikitini na ofisini, na siku zote wanalalamikia utii wa walio chini yao.

Laini kubwa za simu, zile za E1 zenye biti 2,048,000 kwa sekunde, hazina waya wa saa kabisa. Saa imo ndani ya data yenyewe. Mpokeaji anaangalia kila badiliko la voltu na kutoka hapo anajitengenezea mapigo. Mpango huu una hatari moja: data ikiwa sifuri tupu kwa muda mrefu, voltu haibadiliki, na mpokeaji anaanza kupotea. Habari yenyewe inaweza kuwa ni ukimya, lakini ukimya unaiua saa. Wahandisi wakaweka kanuni iitwayo HDB3. Sifuri nne zikifuatana, mtumaji anachomeka alama ya umeme inayovunja utaratibu wa kawaida kwa makusudi, ili mpokeaji aitambue, aitumie kushika mwendo, kisha aitupe na kurudisha sifuri mahali pake. Alama hiyo haina habari. Ndiyo kazi ya salamu zetu za asubuhi, habari za nyumbani, nzuri, watoto hawajambo, hawajambo. Aliyeuliza hakutaka taarifa na aliyejibu hakutoa taarifa, lakini wakija kuwa na neno zito la kuambiana, watakuta bado wanasikilizana. Tangu niielewe HDB3 nimeacha kumlaumu mtu anayesema sala zake tano zimekuwa za mazoea na hazimpi jambo jipya. Namwambia aendelee. Si kila kitu kimewekwa ili kilete jambo jipya.

Kuna njia nyingine kabisa, ile ya bandari ya kawaida ya kuunganishia kompyuta na ruta, isiyopeana saa hata kidogo. Kila upande una saa yake, wamekubaliana mwendo kwa maneno tu, na kila herufi inatanguliwa na biti ya kuanzia inayomwambia mpokeaji aanze kuhesabu upya. Herufi inaisha, hesabu inafutwa. Saa hizo zinaweza kutofautiana hadi karibu asilimia 5 na bado herufi ikasomeka, kwa sababu kosa halipati nafasi ya kulimbikizana. Gharama yake ni biti mbili katika kila kumi. Ndivyo ninavyoielewa toba ya kila siku, na sioni kwamba asilimia 20 ni bei kubwa.

Sasa nusu ya pili ya swali la binti yule. Anayetoa, alipata wapi?

Mwaka 1696 mwanafalsafa Leibniz aliueleza uhusiano wa roho na mwili kwa saa mbili zinazokubaliana daima. Alisema kuna njia tatu za kulipata jambo hilo. Ya kwanza, moja iiathiri nyingine. Christiaan Huygens alikuwa ameliona hilo mwaka 1665 akiwa mgonjwa chumbani mwake: saa zake mbili za timazi zilizoning'inia pamoja zilikuwa zikirudi kupiga kwa kupokezana kila alipozivuruga. Ya pili, awepo fundi anayezirekebisha kila mara. Ya tatu, zitengenezwe vizuri kiasi kwamba tangu mwanzo kila moja ifuate njia yake na bado zikubaliane. Leibniz alichagua ya tatu, akasema Mungu aliumba hivyo, na kumuweka Mungu katika njia ya pili, akihangaika na kila pigo, aliona ni kumshusha.

Mimi nimefanya kazi na njia zote tatu, na ya tatu ninaijua vizuri. Ndivyo mitandao ya simu ya nchi mbalimbali ilivyoungana. Hakuna nchi iliyotaka kupokea saa kutoka kwa jirani, kwa hiyo kila moja iliweka saa yake ya seziamu, na viwango vya kimataifa vikadai tu kwamba saa hiyo isikosee zaidi ya sehemu moja katika bilioni 100. Hesabu yake ni rahisi. Saa mbili za aina hiyo, moja ikikosea kwa mbele na nyingine kwa nyuma, zinaachana sehemu mbili katika bilioni 100. Fremu ya E1, yaani fungu moja la data katika laini, ina mikrosekunde 125. Mpaka ziachane kwa fremu nzima zinapita siku 72. Ikifika siku hiyo, fremu moja inapotea au inarudiwa, na mazungumzo yanaendelea. Saa za kawaida za kifaa, zinazoruhusiwa kukosea sehemu 50 katika milioni, zingeweza kupoteza fremu kila baada ya sekunde moja na robo: simu ya sauti itasikika ikidonoka, na ukurasa wa faksi utatoka umekatika mistari.

Naona heshima katika mpango ule wa mipakani. Mataifa yalilipa hasara ndogo ili asiwepo wa kumpigia mwenzake saa. Lakini mpango huo unamjibu Leibniz pia. Hata seziamu na seziamu, kila moja katika nyumba yake, zinaachana. Kukubaliana kusiko na mawasiliano yoyote ni kwa muda, na muda wake unaweza kuhesabiwa. Imamu Ghazali, miaka 600 kabla ya Leibniz, alishika upande mwingine: alikataa kwamba moto una nguvu yake yenyewe ya kuunguza pamba, akasema uunguaji unaumbwa na Mungu kila mara moto na pamba vinapokutana. Nikiwa kijana msimamo huo ulinionekea mgumu kuumeza. Mtu aliyekaa miaka mbele ya saketi inayoirekebisha saa mara maelfu kwa sekunde, bila kuchoka, ili ionekane kama saa imenyooka yenyewe, hauoni tena kuwa wa ajabu. Wala sioni marekebisho hayo yanamshusha yeyote.

Lakini kilichonitikisa kuliko yote si njia hizo tatu. Ni ya nne, ambayo Leibniz hakuitaja, na nimeikuta kazini.

Ulikuwa mtandao wa faiba wa mzunguko, vituo kadhaa vilivyoungana kama duara, wa kampuni ambayo sitaitaja. Saa ilikuwa inaingia kwenye kituo kimoja na kupita kutoka kituo hadi kituo. Kebo ikakatwa na wachimba mtaro, mtandao ukajigeuza kama ulivyopangwa, data ikapita upande wa pili wa duara. Wateja wakaanza kulalamika baadaye, si siku hiyohiyo. Mafundi wakapima kipande kimoja kimoja. Kati ya kituo na kituo, safi. Makosa sifuri. Hasa vituo viwili fulani vilikuwa vinakubaliana kuliko vingine vyote, hakuna hata fremu moja iliyoteleza kati yao. Taa zote za kijani.

Vituo hivyo viwili vilikuwa vinapokeana saa. Cha kwanza kilipoteza chanzo chake kebo ilipokatwa, kikageukia laini nyingine iliyokuwa hai, ya jirani. Jirani naye alikuwa anapokea kwake. Kila mmoja alimsikiliza mwenzake kwa uaminifu kamili na kumrudishia alichosikia, na kila kosa dogo la mmoja likawa ndiyo kweli ya mwenzake, likarudi likiwa limeongezeka. Wakatembea pamoja, mkono kwa mkono, mbali na mtandao wote. Aliyepima kati yao hakuona kitu. Ilibidi kupima kutoka nje, kwenye mpaka wao na wengine, ndipo teleza zikaonekana.

Sijasoma hoja yoyote ya falsafa iliyonifundisha zaidi ya taa zile za kijani. Tunafikiri alama ya upotofu ni ugomvi, na alama ya haki ni kukubaliana. Wale wawili walikubaliana kuliko wote. Wanazuoni wa tauhidi wanapothibitisha kuwepo kwa Muumba hukataa mambo mawili: tasalsul, mnyororo wa visababishi usio na mwanzo, na daur, mzunguko ambamo hiki kinasababishwa na kile na kile kinasababishwa na hiki. Nilipokuwa mtoto madrasa ya Tanga, daur ilinionekea ni upuuzi ambao hakuna mwenye akili angeuhitaji kukanushiwa. Sasa najua kwamba daur inafanya kazi. Inafanya kazi vizuri, kwa muda, na walio ndani yake wana amani.

Waliobuni mitandao hii waliiona hatari hiyo, na kinga waliyoiweka ndiyo jambo ninalolipenda kuliko yote katika taaluma yangu. Kila laini ya SDH, mfumo unaotumiwa na mitandao ya faiba kama ule, hubeba ndani yake, katika baiti iitwayo S1, tangazo dogo la biti nne: saa hii ninayokupa asili yake ni ipi. Ikiwa asili ni seziamu kuu, tangazo ni 0010. Tangazo hilo linapita kutoka kituo hadi kituo, kila mmoja akilinukuu kama alivyolipokea bila kujipandisha. Na kituo kinapopokea saa kutoka upande fulani, upande huohuo kinarudisha tangazo 1111, lenye maana moja tu: usichukue saa kwangu. Saa ninayo, ni nzuri, wengine wote wanaweza kuitegemea. Wewe usiitegemee, kwa sababu niliipata kwako. Katika mtandao ule, tangazo hilo halikuwa limewashwa kwenye vituo vyote.

Wanazuoni wa hadithi walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya umeme. Isnadi ni tangazo la asili: nimepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Hadithi ikija kwa njia kumi na njia zote kumi zikarudi kwa mpokezi mmoja, wao huhesabu ni mmoja. Na huyo mmoja hawezi kujengewa nguvu na wanafunzi wake kumi, kwa sababu hawana walichokipata nje yake. Ninaposikia leo mtu akisema jambo fulani ni kweli kwa kuwa kila mtu analisema, namuuliza huyo kila mtu alilipata kwa nani. Mara nyingi tukifuatilia tunafika kwake yeye mwenyewe.

Basi daur tuikatae. Je, mwisho wa mnyororo uko wapi? Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alisema kwamba vitu ambavyo kuwepo kwao kunahitaji kingine, hata ukivikusanya vyote, jumla yake bado inahitaji kitu kilicho nje yake, kisichohitaji kingine. Wanafunzi wangu waumini hufurahi hapa, wanasema, Mwalimu, ndiyo ile saa kuu ya seziamu. Nawazuia, kwa sababu saa kuu si kuu kwa asili yake. Nayo inapimwa.

Inapimwa na nini? Huko Sèvres, karibu na Paris, kuna ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyoanzishwa mwaka 1875. Haina saa moja kuu ambayo dunia yote inaifuata. Inakusanya vipimo vya saa za atomu zaidi ya 400 kutoka taasisi nyingi za nchi nyingi, na kutoka kwenye vipimo hivyo inakokotoa wastani. Saa inayotabirika hupewa uzito zaidi, na uzito huo una kikomo ili isiwepo moja ya kuzitawala nyingine. Kila mwezi inatoa waraka unaoiambia kila taasisi saa yake ilikuwa imeachana na wastani kwa kiasi gani katika siku zilizopita. Zilizopita. Hakuna saa duniani inayoonyesha wakati kamili sasa hivi. Wakati kamili unajulikana baadaye, baada ya mashauriano. Juu kabisa ya ngazi, pale tulipotegemea kumkuta mfalme, tunakuta shura.

Lakini si daur. Hapa ndipo wanafunzi wangu wasioamini hufurahi mapema, wakidhani nimewapa hoja yao: kumbe mwisho wa yote ni watu kukubaliana. Saa zile mia nne hazisikilizani. Kila moja imesimama kivyake, na kinachozifananisha ni kwamba kila moja inasikiliza atomu. Mwaka 1967 sekunde ilifafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya seziamu. Idadi hiyo watu waliichagua. Mtetemo wenyewe hawakuuchagua, na haujulikani kutofautiana kati ya atomu ya Sèvres na ya mahali pengine popote. Wanazuoni wa hadithi wana neno kwa habari ya namna hii, iliyopokewa na wengi katika kila tabaka kiasi kwamba haiwezekani walipatana kusema uongo: mutawatiri. Sharti lake si wingi peke yake. Ni wingi wa wasiopokeana.

Je, atomu ndiye wa kwanza wa Ibn Sina? Sisemi hivyo. Atomu nayo ni kitu kilichopo, kina sifa ambazo hazikujipa, na anayeona kwamba hapo ndipo pa kusimama, na anayeona kwamba hapo hapajatosha, wote wameondoka kwenye vipimo vyangu. Mimi ninaona hapajatosha. Naamini yupo aliyeupa mtetemo ule mwendo wake, na siamini hivyo kwa sababu ya ruta. Mtandao umenifundisha jambo dogo zaidi, na nalishika kwa nguvu: mnyororo wa wapokeaji, hata wote wakiwa waaminifu, hauwezi kutengeneza saa. Lazima iingie kutoka nje yao.

Linabaki la kituo kilichokatikiwa na kila chanzo. Ndani yake kuna fuwele ya kwatsi iliyofungiwa katika chemba ndogo inayotunzwa joto lake, na chombo hicho kimekuwa kikikariri, siku zote kilipokuwa na chanzo, ni marekebisho gani fuwele yake huhitaji. Chanzo kikikatika kinaendelea kwa kukumbuka. Kinafanya vizuri saa za mwanzo, pengine siku nzima, kisha joto na uzee wa fuwele vinaanza kukivuta. Na tangu dakika ya kwanza kinabadilisha tangazo lake kwa walio mbele yake, kinashuka daraja: ninachokupa sasa ni kumbukumbu.

Wanaoishi kati ya mtume na mtume, au ambao wito haukuwafikia, wanazuoni huwaita watu wa fatra. Ghazali, katika kitabu chake Faysal al-Tafriqa, aliwatolea udhuru, na akaona rehema itawaenea wengi kuliko wanavyodhani wakali wa zama zake. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Asiye na chanzo na anajua hana, anakwenda kwa alichokariri na kusema wazi kwamba anakariri, sioni nimhukumu kwa lipi. Ninaowahofia ni wale wawili wenye taa za kijani.

Chanzo kikirudi, kituo hakikirukii. Kinakiangalia kwanza, kwa kawaida dakika tano, kisha kinajivuta polepole hadi kilingane nacho, kwa sababu wanaopokea saa kwake hawawezi kustahimili mruko. Hilo nabishana nalo hadi leo na rafiki yangu mmoja, imamu wa msikiti wa mtaani kwetu Temeke. Yeye anasema haki ikishajulikana haingojewi hata dakika moja. Namwambia, kwako wewe peke yako, ndiyo. Lakini wewe una watu nyuma yako, shehe.